Jirani Aliyetazama Sinema kwa Nyuma

Jirani hakuwahi kuisifu sinema hata moja. Gari la sinema likishaondoka, kesho yake asubuhi wanawake wa Turwa tulikuwa tunachelewa mtoni kwa makusudi, tunasugua vibuyu vilivyokwisha kutakata, tukimngoja ateremke na mtungi wake aje atuambie tulichokiona. Mimi nilikuwa mgeni pale. Nilizaliwa upande wa Nata, nikaolewa Turwa, na Kikurya changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, kwa hiyo Jirani alikuwa akizungumza nami Kiswahili na kuniita Mnata. Aliniita hivyo mpaka mwisho, ingawa jina langu alilijua vizuri.

Alikuwa na vipimo vyake. Sinema isiyo na ng'ombe aliihesabu kuwa ya watu maskini, hata kama watu wenyewe walikuwa ndani ya magari. Sinema ambayo watu wake hawali mpaka inakwisha aliiita sinema ya uongo. Tulipooneshwa ile ya mbu, mbu mkubwa kama kuku, wenzetu waliogopa wakasema huko kwa Wazungu kuna balaa. Jirani alituliza mtungi kichwani akasema, "Mbu wa namna ile ungemwona anakuja. Huyu wetu ndiye mbaya."

Ile aliyoileta Mhindi mwenye duka, akaitundika kwenye ukuta wa ghala lake kule Tarime mjini, ilikuwa ya kutisha kweli. Tulikwenda wengi kwa miguu. Ukuta haukuwafaa wanawake wenye wakwe, kwani hauna nyuma ya kutazamia, wakalalamika, ndipo akashusha jora la merikani akalifunga kwenye miti miwili. Kulikuwa na mtu amekufa, amelazwa ndani ya sanduku, halafu mfuniko unanyanyuka polepole na vidole vinatokeza. Watu walikimbia. Mwanamume mmoja aliyekuwa akijisifu kwamba amewahi kulala porini na simba alionekana kesho yake akirudi kutafuta fimbo yake. Mimi nilikuwa nimeshika gauni la Jirani, naona haya kusema kwamba nililishika mpaka likachanika begani. Yeye alikaa. Mzimu ulipobisha hodi kwenye nyumba ya mjane, alicheka peke yake.

"Mzimu gani unabisha hodi?" akatuuliza mtoni. "Na wamemzika na viatu. Mtu ukimzika na viatu unategemea nini, si atatembea? Halafu mke wake anapiga kelele, hata hamuulizi baba watoto umerudi unataka nini. Mtu ametoka kaburini mpaka nyumbani, hakuambiwa hata karibu."

Ndivyo alivyokuwa. Yaliyowatisha watu yeye aliyahurumia, na yaliyowachekesha watu yeye yalimtia homa.

Sasa niseme kwa nini tulikuwa tunatazama kwa nyuma. Shuka la sinema lilifungwa katikati ya uwanja, mashine ikawekwa upande mmoja, na upande huo ndiko walikokaa wanaume, watoto, wasichana ambao hawajaolewa na wanawake wasio na mkwe wa kumwonea haya pale. Lakini mwanamke mwenye mkwewe mwanamume mbele hawezi kwenda kukaa naye, bega kwa bega, wote wawili wakitazama mume na mke wanashikana viuno. Hilo haliwezekani. Kwetu Nata haya zipo, ila Wakurya ni kiboko. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani njiani, hawashiki chombo kimoja, hawatajani majina. Mkwe wa Jirani, aliyemwoa binti yake mkubwa, alikuwa anaishi kilima cha pili tu, na alikuwa mpenzi wa sinema. Baba mkwe wangu naye hakukosa. Basi sisi wenye haya tulikaa nyuma ya shuka. Kitambaa kilikuwa chepesi na picha ilipenya vizuri. Tulikuwa na uwanja wetu wote, hatusukumwi na mtu, na tulidhani tunaona kile kile wanachokiona wenzetu.

Shida ilikuwa chini. Shuka halikufika ardhini, na miguu ya waliokaa mbele tuliiona. Siku ya ile sinema ya mlevi ndipo nilipojua haya ni kitu gani. Mume mlevi amemtelekeza mke, mke amekimbilia kwa mama yake, mume anamfuata. Mama mtu anafungua mlango, anamtazama mkwewe usoni, halafu anamzaba kofi. Jirani alijifunika kichwa na kitenge, akaacha upenyo wa jicho moja. Chini ya shuka kulikuwa na miguu yenye katambuga za matairi, ambayo sote tuliijua ni ya nani, na ile miguu ilirudi nyuma kidogo kidogo mpaka ikatoweka gizani. Nilimwonea haya Jirani, nikamwonea haya mwenye miguu, nikajionea haya mwenyewe kwa kuwa nimeona. Kwa siku nyingi mkwe yule alipita njia ya mbali, ya kwenye miiba, na Jirani naye alipita miiba ya upande mwingine, na njia nzuri ikabaki na mbuzi.

"Ile ya mzimu wangeileta tena," alisema Jirani. "Lakini hii ya kofi wasiwaoneshe watu. Yule mama alikosea toka kwenye kufungua mlango. Angesema akiwa ndani."

Mwenyewe alikuwa mtu wa haya kupita kiasi, na sijui maneno yale yote alikuwa anayatoa wapi. Alikuwa hawezi kula mbele ya mtu asiyemjua. Akiwa na wageni anapika, anapakua, halafu anajificha jikoni na kusema yeye bado. Akipita mbele ya wazee wa kiume anajikunja mpaka anakuwa mfupi. Lakini umweke mbele ya shuka, au tuseme nyuma yake, atamsema mfalme. Kulikuwa na sinema ya Kihindi ambayo mwanamke anageuka moshi na kutokea juu ya mlima. Wenzetu walisema ni jini. Jirani alitaka kujua ndugu zake yule mwanamke wako wapi. "Mtoto wa watu anapotea hivi hivi na hakuna anayeuliza," akasema, na akakasirika siku nzima, akawa anawagombeza hata kuku.

Nilimpenda. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu akiwa mbali, yeye ndiye aliyenikanda na maji ya moto, na huku ananikanda ananisimulia upya sinema ya mzimu, mpaka wifi yangu akamwomba anyamaze kwa sababu ya mtoto.

Binti yake wa mwisho alikuwa wa shoto.

Nimechelewa kumtaja kwa sababu ni hapo roho inapokuwa nzito. Msichana yule alizaliwa Jirani akiwa ameshakata tamaa ya kupata mtoto mwingine, na alimbeba mgongoni hata alipokuwa mkubwa wa kwenda kuchota maji. Lakini mkono wake ulikuwa shoto, na shoto katika nyumba ya Mkurya wa wakati ule ilikuwa aibu. Mkono wa kushoto ni wa kazi chafu. Huwezi kumpa nao mzee maji, wala kuutia kwenye sahani ya ugali na wenzako, maana watanyanyuka. Jirani hakumpiga. Alichukua kipande cha kitambaa cheusi, na kila wakati wa chakula aliufunga ule mkono wa kushoto kiunoni mwa mtoto, kwa utaratibu, kama anavyomvisha nguo, akamwambia ale na wa kulia. Nilipofika Turwa nilimkuta msichana ana umri wa kutosha kupika kwa ajili ya nyumba nzima, na bado anafungwa. Alikuwa mwembamba. Mkono wa kulia ulikuwa unamtetemeka, tonge linafika mdomoni nusu. Alikuwa anamaliza upesi, anafunguliwa, anakwenda kuosha vyombo.

"Nitawaambia nini watu?" Jirani aliniambia siku moja, bila mimi kuuliza. "Watakuja kumposa, awape maji na shoto? Watasema mama yake alikuwa wapi."

Halafu likaja gari la sinema, na katika sinema moja kulikuwa na jamaa yenye nyumba ya ghorofa. Wamekaa mezani, baba, mama na watoto, wanakula na vijiko. Na wote, nakuapia, walishika vijiko kwa mkono wa kushoto. Baba akamaliza kula akaandika barua kwa shoto. Akaja mgeni, wakapeana mikono ya kushoto. Nyuma ya shuka tukaguna. Mimi nilisema labda hao ni wafu, maana nilishasikia kwamba huko kwa wafu mambo yamepinduka, na baridi ilinipanda mgongoni. Jirani alikuwa ameegemea mbele, mdomo wazi kidogo.

Asubuhi hakuja mtoni. Nilipanda kwake kumjulia hali nikamkuta amekaa na binti yake, ugali uko kati yao, na kitambaa cheusi kimetupwa juu ya kuni. Msichana alikuwa anakula kwa shoto, ameinamisha kichwa, anakula upesi upesi kana kwamba mtu atabadili mawazo.

"Mnata," akaniambia, "wale watu wana ghorofa. Wana gari. Wote shoto, mpaka watoto, na hakuna aliyewafunga. Mimi nilikuwa namfunga huyu kwa ajili ya nani?"

Toka siku ile kitambaa hakikurudi. Na toka siku ile mtoni kukawa na vyama viwili, wa mbele na wa nyuma. Wa mbele walisema watu wa sinema wanakula kwa mkono wa kulia kama watu wote. Sisi wa nyuma tulisema tumeona kwa macho yetu. Jirani alikuwa na jibu: wa mbele wamepofushwa na taa ya mashine, inawapiga kisogoni. Tulibishana vibaya sana, mtungi mmoja ukavunjika. Hakuna aliyefikiria kuzunguka. Wa mbele hawakuwa na sababu, na sisi tulikuwa na wakwe. Siku moja mwanamke mmoja wa mbele alimgeukia yule msichana aliyekuwa anachota maji pembeni.

"Wewe si unakaaga mbele na wasichana wenzako? Mwambie mama yako. Wanakulaga na mkono gani?"

Msichana alijitwisha mtungi wake. "Mimi nilikuwa naangalia nguo zao," akasema, akaondoka.

Jirani alicheka sana. Alisema mtoto wake hana akili ya sinema, anatazama nguo.

Alinenepa yule binti. Mashavu yalitokeza, mkono ule wa kushoto ukawa unasuka vikapu ambavyo watu walivitafuta mpaka Sirari. Tukamzoea. Mimi mwenyewe nilisahau kwamba alikuwa wa shoto, mpaka walipokuja wachumba kutoka upande wa Nyamongo.

Walikuja wazee kadhaa na kijana mwenyewe, na mbele yao mjomba wa kijana, mzee mcheshi mwenye blanketi begani. Wakakaribishwa uani na shemeji zake Jirani. Yeye, kama desturi, alikuwa jikoni na sisi wanawake, maana hao tayari ni kama wakwe. Binti akatoka na maji ya kunawa. Akamimina. Mjomba alikuwa ameshanyoosha mikono, akaona kibuyu kiko katika mkono gani, akairudisha mikono yake kwenye blanketi.

"Huyu mtoto amemimina kwa shoto," akasema, bila ukali.

Mmoja wa shemeji alianza kusema kwamba ni haraka tu, msichana amechanganyikiwa. Hapo Jirani, ambaye mbele ya wageni hata kula hakuweza, akapaza sauti kutoka jikoni, kupitia mlangoni, akiongea na watu ambao hakupaswa kuongea nao.

"Shikamooni wazee. Mtoto hajachanganyikiwa. Ndio mkono wake. Nyie mmeona sinema. Wale watu wenye magari wote ni shoto, wanakula na shoto, wanasalimiana na shoto. Mbona hamkuwacheka?"

Wale wazee walitazamana. Mjomba aliuliza kwa upole, "Mama, wewe ulikuwa unakaa upande gani wa shuka?"

"Nyuma. Nina mkwe."

Mjomba akaanza kucheka, na naamini hakuwa na ubaya. Akasimama, akavua blanketi lake, akamwambia kijana mmoja alishike juu liguse jua. Blanketi lilikuwa na tundu la moto. "Tundu liko upande gani?" akamuuliza mwingine aliyekaa mbele yake. Akajibiwa kulia. "Haya, zunguka nyuma yake. Sasa liko wapi?" Yule kijana akazunguka, akatazama, akasema kushoto. Uani wote wakacheka. Wakacheka wazee, wakacheka shemeji zake Jirani mwenyewe, na watoto waliokuwa kwenye ua wakaanza kupigania nani azunguke tena.

Jikoni sisi tuliliona lile tundu kupitia mlangoni. Nilitaka ardhi inimeze. Miaka yote ile ya kubishana mtoni, na mtungi wa watu, na mimi na wafu wangu. Lakini haya zangu zilikuwa ndogo. Jirani hakuwa anatazama blanketi. Alikuwa anamtazama binti yake, ambaye alikuwa amerudi na kusimama mlangoni na kibuyu.

"Wewe ulikuwa unakaa mbele," akamwambia, sauti chini. "Ulikuwa unaona."

Binti alikiweka kibuyu chini, na ule mkono wa kushoto, polepole, akauficha nyuma ya mgongo. Jirani aliona. Sote tuliona.

Wachumba walikunywa pombe yao, wakaaga vizuri, hawakurudi. Baadaye binti alipata mtu mwingine, kijana wa Nyangoto ambaye mama yake mwenyewe alisema mkono wowote unaosonga ugali ni mkono, akaenda kwao na vikapu vyake. Jirani hakumfunga tena, kama mtu anataka kujua. Wala hakulitaja lile jambo. Ila mtoni alinyamaza. Gari la sinema lilipokuja tena nilipita kumchukua, akaniambia ana ng'ombe anayekaribia kuzaa. Lilipokuja mara nyingine, ng'ombe alikuwa ameshazaa, na akasema goti linamuuma. Nilikwenda peke yangu, nikakaa nyuma, na nilipoona watu wanapeana mikono ya kushoto niliinamisha kichwa nisitazame. Sinema bila maneno yake ilikuwa taa tu inayocheza kwenye kitambaa. Watu walimtania kidogo kwa kumwita mama wa nyuma, halafu wakaacha, kwa sababu hakujibu, na kumtania mtu asiyejibu kunachosha.

Nikahama Turwa mume wangu alipopata kazi upande wa Serengeti. Siku chache kabla ya kuondoka nilipanda kwa Jirani kumuaga, mchana, wakati ambao hakuna mtu anayetembelea watu. Nilipiga hodi nikiwa tayari mlangoni, kwa mazoea ya kwenda kwake kama kwetu.

Alikuwa amekaa chini, peke yake, na sahani ya ugali na mlenda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kiunoni na kipande cha kanga, kwa fundo zuri, sijui alilifungaje. Alikuwa anakula kwa shoto. Mlenda ulikuwa kifuani, tonge limeanguka mapajani, na vidole vyake, vile vidole vilivyonikanda mimi, vilikuwa vinahangaika sahanini kama vya mtoto mchanga. Aliponiona alitaka kusimama, mkono uliofungwa ukamkwamisha, akarudi kukaa. Niliona haya kama niliyemkuta mama yangu hana nguo. Niligeuka nitoke.

"Kaa, Mnata," akasema. "Umeshaona. Kaa."

Nikakaa. Nikauliza nimfungue, akakataa kwa kichwa.

"Nimekuwa nafanya hivi tangu mtoto aolewe. Nilitaka kujua. Nilisema labda ni mazoea, ukizoea unaweza." Akajaribu tonge jingine, likavunjika, akalitazama. "Huwezi. Unachoka kabla hujashiba. Unaacha chakula kwenye sahani kwa sababu mkono umechoka, na watu wameshamaliza, unaona haya kuendelea kumwaga."

Nilisema hata sisi wengine tuliamini, hata mimi niliona wanakula kwa shoto, nikawaita wafu.

"Siyo hiyo ya sinema," akanikatiza. "Sinema wacheke. Yule mtoto alijua wanakula na kulia, akanyamaza miaka yote, kwa sababu alijua akisema nitakwenda kuchukua kitambaa. Mimi, mama yake. Alikuwa ananiogopa hivyo."

Alijifuta kifua na ule mkono wa kushoto, vibaya, akazidi kujipaka. Alikuwa analia, na hakujifunika.

"Kila siku nilikuwa namuuliza umeshiba, kabla sijamfungua," akasema. "Na kila siku alikuwa ananiambia, nimeshiba mama."